Kuua, Kulala na Kufubaa: Nafasi ya Vitenzi vya Kiswahili katika Kueleza Seli na Umetaboli wa Vijidudu vya Maradhi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza muundo wa seli na umetaboli wa vijidudu viwili vyenye uzito mkubwa katika afya ya wakazi wa mkoa wa Njombe, yaani bakteria wa kifua kikuu na virusi vya UKIMWI (VVU). Hoja inayotetewa ni kwamba uundaji wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umejishughulisha zaidi na nomino, ilhali elimu ya umetaboli ni elimu ya matendo, na mzigo wake hubebwa na vitenzi. Inaonyeshwa kwamba kitenzi 'kuua', kinachotumiwa kwa kila dawa na kila kijidudu, huficha tofauti zinazoamua muda wa tiba, na kwamba Kiswahili tayari kina vitenzi vinavyoweza kuzieleza tofauti hizo kwa usahihi.

1.0 Utangulizi

Kata ya Kifanya imo katika Halmashauri ya Mji wa Njombe, kusini mwa mji wenyewe. Ni nchi ya milima na baridi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baridi hiyo humpunguzia mkazi wa huko mzigo wa malaria, kwa kuwa kimelea cha malaria hukua ndani ya mbu kwa kutegemea joto la mazingira, na joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi ukuaji huo husimama. Lakini baridi haina nguvu juu ya kijidudu ambacho makao yake ni mwili wa binadamu, ambao joto lake ni nyuzi 37, awe Kifanya au Tanga.

Vijidudu vya namna hiyo vimeiathiri Njombe kuliko sehemu nyingine nyingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011-12 ulikuta kwamba asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 katika mkoa huu, ambao ulikuwa ndio kwanza unamegwa kutoka Iringa, walikuwa na VVU. Utafiti wa 2016-17 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wa miaka 15 na zaidi, na ule wa 2022-23 ulikuta asilimia 12.7. Katika tafiti zote tatu Njombe iliongoza mikoa yote ya Tanzania. Na penye VVU kifua kikuu hakikai mbali, kwa sababu zitakazoelezwa katika sehemu ya 5.0.

Matokeo yake ni kwamba mgonjwa mmoja anaweza kukabidhiwa dawa za aina mbili kwa pamoja. Za kwanza huambiwa azimeze kwa miezi 6 kisha aache. Za pili huambiwa azimeze maisha yake yote. Akiuliza kwa nini, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba zote mbili 'zinaua vijidudu'. Jibu hilo halijibu swali. Ikiwa zote zinaua, mbona moja ina kikomo na nyingine haina? Na ikiwa kikohozi kimekoma baada ya majuma machache, miezi iliyobaki ni ya kumuua nani?

Maswali hayo ni ya kisayansi, na majibu yake yamo katika muundo wa seli na umetaboli wa kila kijidudu. Lakini ni maswali ya lugha pia, kwani anayeuliza anauliza kwa Kiswahili na anastahili kujibiwa kwa Kiswahili.

2.0 Majina ya Kijidudu

Kwa upande wa nomino Kiswahili hakina njaa. Tunayo 'mdudu', 'kijidudu', 'kimelea', 'kiini cha maradhi', 'bakteria' na 'kirusi'. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) iliweka msingi wa istilahi za seli, na Kamusi ya Tiba (2003) ikaupanua kwa upande wa uganga. Anayetaka kuandika juu ya utando, kiini, jeni, kimeng'enya au protini hakosi neno.

Nomino hizi zina mambo mawili ya kuzingatiwa. Kwanza, 'kijidudu' ni jina la mwavuli. Huufunika udogo wa vitu hivi na kuacha wazi kila kitu kingine: kama kina seli au hakina, kama kinakula au hakili, kama kinajigawa chenyewe au kinazalishwa na mwingine. Pili, majina mengi ya maradhi yetu hayamtaji mdudu hata kidogo. 'Kifua kikuu' hutaja kiungo, na 'ukosefu wa kinga' uliomo katika UKIMWI hutaja hali ya mwili. Majina hayo ni mazuri kwa kumtambua mgonjwa, ila hayamwambii msikilizaji lolote kuhusu kijidudu chenyewe.

Jambo la kuvutia ni kwamba sarufi imefanya uainishaji ambao mwavuli wa 'kijidudu' umeshindwa kuufanya. Neno la kigeni lililoingia kama 'virusi' lilichukuliwa na wasemaji kuwa ni wingi, likapata umoja wake 'kirusi', na likakaa katika ngeli ya KI-VI pamoja na viti na visu. Husemwa 'virusi hivi vinaingia'. Neno 'bakteria', kwa upande mwingine, hupewa aghalabu upatanisho wa viumbe hai: 'bakteria hawa wanaingia'. Haielekei kwamba wasemaji walikusudia kufundisha biolojia, lakini upatanisho huo umeangukia penye ukweli. Bakteria ni kiumbe mwenye seli na umetaboli wake. Kirusi hakina seli wala umetaboli.

3.0 Bakteria wa Kifua Kikuu

3.1 Ukuta wa Seli

Robert Koch alimtangaza bakteria wa kifua kikuu, Mycobacterium tuberculosis, mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Ni kijiti chembamba chenye urefu wa maikromita 2 hadi 4. Seli yake haina kiini kilichozungukwa na utando kama seli ya binadamu, lakini ina kila kitu cha kuendeshea maisha: DNA yenye herufi milioni 4.4 na jeni zipatazo 4,000, mitambo ya kutengenezea protini, utando wa kuzalishia nishati, na ukuta.

Ukuta huo ndio unaomtofautisha na bakteria wengi. Nje ya utando kuna matabaka ya sukari zilizoungana, na juu yake kuna tabaka nene la asidi za mikoli, ambazo ni mafuta yenye minyororo mirefu ya kaboni 60 hadi 90. Tabaka hilo hufanya seli iwe kama iliyopakwa nta. Maji hayapenyi kwa urahisi, na dawa nyingi zinazowashinda bakteria wengine hubaki nje.

Uchunguzi wa makohozi kwa hadubini umejengwa juu ya sifa hiyo. Makohozi hupakwa kwenye kioo, yakatiwa rangi nyekundu na kupashwa moto ili rangi iingie. Kisha huoshwa kwa asidi na alkoholi. Seli nyingine zote hupoteza wekundu, nazo hupewa rangi ya buluu. Bakteria wa kifua kikuu hung'ang'ania rangi ya kwanza, akaonekana kama kijiti chekundu juu ya buluu.

Dawa mbili katika tiba ya kawaida huushambulia ukuta huu. Ethambutoli huzuia ujenzi wa tabaka la sukari. Isoniazidi huzuia utengenezaji wa asidi za mikoli. Isoniazidi ina ajabu yake: inapomezwa si sumu kwa bakteria. Huwa sumu pale kimeng'enya cha bakteria mwenyewe kiitwacho KatG kinapoibadili. Hapa kitenzi kinachofaa ni 'kuamilisha' au 'kuwasha': bakteria huiwasha dawa inayomdhuru. Jambo hili litatuhusu tena tutakapofika kwenye usugu.

3.2 Chakula na Mwendo wa Maisha

Bakteria wa kifua kikuu akiingia mapafuni humezwa na seli za ulinzi ziitwazo makrofaji. Desturi ya makrofaji ni kukifungia kijidudu ndani ya kifuko na kukimwagia asidi na vimeng'enya. Bakteria huyu huzuia kifuko chake kisiungane na vifuko vyenye vimeng'enya hivyo, naye akabaki humo akiishi. Sitiari ya 'askari wa mwili', iliyoenea sana katika elimu ya afya nchini, hupwaya mahali hapa. Adui huyu hakuzingira kambi ya askari. Amepanga chumba ndani yake.

Ndani ya chumba hicho sukari ni chache. Bakteria hula mafuta na kolesteroli ya mwenyeji wake. Ili aweze kujenga mwili wake kutokana na mafuta, hutumia njia ya umetaboli ambayo binadamu hana, inayotegemea kimeng'enya isositreti liasi. Watafiti wamevutiwa sana na njia hiyo, kwa sababu dawa ingeweza kuifunga bila kumgusa mgonjwa.

Mwendo wa maisha yake ni wa polepole. Bakteria wa kawaida wa utumbo, Escherichia coli, anaweza kujigawa kila baada ya dakika 20 akiwa na chakula cha kutosha. Bakteria wa kifua kikuu huhitaji takriban saa 20. Ndiyo maana akioteshwa katika maabara juu ya chakula cha mayai huchukua majuma 3 hadi 8 kuonekana kwa macho.

3.3 Kulala

Mwili ukishindwa kumuua bakteria huyu humzungushia ukuta wa seli, likatokea vimbe dogo. Ndani ya vimbe hewa ya oksijeni hupungua. Bakteria hupokea ishara ya upungufu huo na kubadili mpango wa maisha yake: huacha kujigawa, hupunguza matumizi ya nishati, na huweka akiba ya mafuta ndani ya seli. Anaweza kukaa hivyo kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba robo ya watu duniani wameambukizwa kwa namna hii, na wengi wao hawataugua kamwe.

Kitenzi cha Kiswahili kwa hali hii ni 'kulala', nacho kinastahili kuthaminiwa kuliko kinavyothaminiwa. Mwenye kulala hajafa. Anapumua, ila kwa uchache. Anaweza kuamka. Istilahi 'maambukizi fiche' humweleza mtazamaji: yeye ndiye asiyekiona kilichofichika. 'Kulala' humweleza bakteria mwenyewe na hali ya umetaboli wake. Kwa watu wa nchi ya baridi, mfano wa makaa yaliyofunikwa kwa majivu usiku unaeleweka bila kuelezwa: hakuna mwali wala moshi, lakini asubuhi moto hupulizwa ukawaka.

Muda wa tiba unatokana na usingizi huo. Dawa inayozuia ujenzi wa ukuta humdhuru yule anayejenga. Isoniazidi huwaangamiza upesi bakteria wanaojigawa, na katika siku za mwanzo idadi yao hushuka kwa kasi; kikohozi hupungua, homa hutoka, uzito hurudi. Wale waliolala hawajengi kitu, kwa hiyo isoniazidi haina la kuwafanya. Hubaki kwa rifampisini, ambayo huzuia kimeng'enya kinachonakili ujumbe wa DNA kwenda kwenye RNA na humpata hata bakteria anayezinduka kwa kitambo kifupi, na kwa pirazinamidi, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi penye asidi, mahali ambapo bakteria wengi huwa wazito.

Ufahamu huu ulipatikana kwa kiasi kikubwa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza, akiwemo Denis Mitchison, walishirikiana na hospitali za ukanda huu katika majaribio ya tiba ya muda mfupi. Tiba ya kawaida wakati huo ilidumu miezi 18. Majaribio yalionyesha kwamba rifampisini au pirazinamidi ikiongezwa, miezi 6 yaweza kutosha, na wagonjwa wanaorudiwa na ugonjwa huwa wachache. Mitchison alieleza matokeo hayo kwa kusema kwamba ndani ya mgonjwa mmoja mna makundi ya bakteria yenye umetaboli tofauti, na kila dawa ina kundi lake.

Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977, kwa ushauri wa Karel Styblo. Utaratibu wake wa kumsimamia mgonjwa amezapo dawa na kuhesabu matokeo ya kila kundi la wagonjwa ulikuwa miongoni mwa misingi ya mkakati uliotangazwa na Shirika la Afya Duniani kwa ulimwengu mzima katikati ya miaka ya 1990. Usimamizi huo hueleweka vizuri zaidi ukitazamwa kwa upande wa bakteria. Msimamizi anamngoja aliyelala.

4.0 Kirusi na Kitenzi 'Kufubaza'

VVU vilitambuliwa mwaka 1983, mwaka huohuo ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Ukubwa wa kirusi kimoja ni karibu nanomita 120, kwa hiyo bakteria wa kifua kikuu humzidi kwa urefu mara 20 au 30. Kirusi kina ganda la protini, utando uliochukuliwa kutoka kwa seli kilimozalishwa, nakala 2 za RNA, na vimeng'enya vichache. Jeni zake ni 9 tu.

Mtu mwenye kulinganisha jeni 9 na jeni 4,000 atatambua mara moja kwamba hapa hapana kiwanda. Kirusi hakili, hakipumui, hakitengenezi nishati wala ukuta. Kikiwa nje ya seli hakitendi lolote. Kikikutana na seli ya CD4 hujishikiza kwenye ngozi yake na kupenyeza vitu vyake ndani. Kimeng'enya cha kwanza hunakili RNA kuwa DNA, kinyume cha mwelekeo wa kawaida wa seli. Kimeng'enya cha pili huichomeka DNA hiyo katika DNA ya mgonjwa. Kuanzia hapo seli huisoma kama jeni zake, na kwa nishati yake yenyewe hutengeneza virusi vipya. Kimeng'enya cha tatu hukata protini zake katika vipande vinavyostahili.

Dawa zinazouzuia ujenzi wa ukuta wa bakteria hazina pa kushika kwa kirusi, kwa kuwa hakina ukuta. Hii ndiyo sababu pia kwamba dawa za bakteria hazisaidii mafua, ingawa hununuliwa kila siku kwa kusudi hilo. Kilichobaki ni kuvifunga vimeng'enya vile vitatu. Vikifungwa, uzalishaji husimama, na seli za CD4 hupata nafasi ya kuongezeka. Lakini ile DNA iliyokwisha kuchomekwa haitoki. Hukaa katika seli za kumbukumbu za kinga ambazo nazo huishi miaka mingi. Mgonjwa akiacha dawa, baadhi ya seli hizo huanza tena kuzalisha, na kwa kawaida majuma machache yatosha virusi kuonekana upya katika damu.

Wasemaji wa Kiswahili wameziita dawa hizi 'dawa za kufubaza virusi'. Ni istilahi bora kabisa. 'Kufubaa' ni kupotewa na mng'ao: rangi ya kitambaa hufubaa, chuma hufubaa. Kitu kilichofubaa kipo, ila ukali wake haupo. Kitenzi hiki hakidai kwamba kirusi kimekufa, na hakiwezi kudai hivyo, kwa kuwa kisichoishi hakiuawi. Kinaeleza kwa neno moja hali ambayo kirusi hakionekani katika kipimo cha damu na hakiambukizwi kwa njia ya ngono, na bado kikawepo. Hapo ndipo sababu ya kumeza dawa maisha yote ilipo. Mhudumu anayeacha neno 'kufubaza' na kusema 'kuua' kwa nia ya kurahisisha, humpa mgonjwa mwenye majibu mazuri ya kipimo sababu ya kuamini kwamba amepona.

5.0 Vijidudu Viwili katika Mwili Mmoja

Seli za CD4 ndizo zinazoziamsha makrofaji na kulishikilia lile vimbe lililomfungia bakteria. Zinapopungua, vimbe hulegea na aliyelala huamka. Mtu aliyeambukizwa kifua kikuu asiye na VVU ana uwezekano wa kuugua wa takriban asilimia 5 hadi 10 katika maisha yake yote. Mwenye VVU asiyetibiwa ana uwezekano unaokaribia asilimia 10 kwa kila mwaka. Ongezeko hilo halihitaji bakteria aliye mkali zaidi. Bakteria ni yuleyule, mlinzi wake ndiye aliyeondoka.

Uchunguzi nao huwa mgumu. Hadubini huhitaji bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000 katika mililita 1 ya makohozi ili kuwaonyesha. Mashimo ya mapafuni yanayotoa bakteria kwa wingi hutokana na mapambano ya kinga. Mwenye kinga dhaifu huwa na mashimo machache, na kioo chake chaweza kuwa safi hali anaumwa. Vipimo vinavyotafuta jeni za bakteria, vilivyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, vimepunguza tatizo hili kwa kutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi.

Tiba mbili hugongana pia. Utafiti uliofanywa Nairobi na kuchapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba thiasetazoni, dawa ya bei nafuu iliyotumika sana Afrika Mashariki, iliwasababishia wagonjwa wenye VVU madhara makali ya ngozi, hata vifo; ikaachwa. Siku hizi mgongano unaojulikana zaidi ni wa rifampisini na dolutegravir. Rifampisini huamsha vimeng'enya vya ini, navyo huivunja dolutegravir upesi kuliko kawaida. Kwa hiyo mgonjwa anayezimeza zote mbili hupewa dolutegravir mara 2 kwa siku badala ya mara 1. Hapa umetaboli unaohusika ni wa mgonjwa mwenyewe. Asipoelezwa, ataona kidonge cha jioni kuwa ni dalili kwamba hali yake imezidi kuwa mbaya.

6.0 Nani Amekuwa Sugu?

'Sugu' ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, kama ya kiganja cha mshika jembe. Kutokana nayo tumepata 'ugonjwa sugu', 'mgonjwa sugu' na 'usugu wa dawa'. Neno ni zuri, lakini limekuja na kivuli cha maana yake ya asili: ngozi huwa sugu kidogokidogo kwa mazoea. Ndiyo sababu husikika mtu akisema 'mwili wangu umeizoea dawa', na wengine hufikia uamuzi kwamba ni busara kuipumzisha dawa ili mwili usiizoee.

Ukweli wa seli ni mwingine. Anayebadilika ni bakteria, na habadiliki kwa mazoea. Bakteria anapojigawa, DNA hunakiliwa, na mara chache sana kosa hutokea. Kati ya bakteria milioni 1 hivi mmoja huwa na kosa linalomwepusha na isoniazidi. Mara nyingi ni kasoro katika ile jeni ya KatG, kwa maana kwamba hana tena cha kuiwashia dawa. Kati ya milioni 100 hivi mmoja huwa na kosa linalomwepusha na rifampisini. Makosa hayo hutokea kabla dawa haijamezwa. Shimo moja la pafu laweza kuwa na bakteria zaidi ya milioni 100, kwa hiyo atakayeokoka dawa moja hakosekani. Lakini wa kuokoka zote mbili kwa wakati mmoja ni 1 katika trilioni 100, na idadi hiyo haipatikani katika pafu la mtu. Hiyo ndiyo sababu ya kuchanganya dawa.

VVU navyo hubadilika, tena kwa kasi. Kimeng'enya chake cha kunakili hukosea mara kwa mara, na mtu asiyetibiwa huzalisha mabilioni ya virusi kwa siku. Dawa moja peke yake hushindwa upesi. Hapa pia jibu ni mchanganyiko, na Kiswahili kina neno lake la jikoni, 'mseto', ambalo Watanzania walilizoea katika tiba ya malaria tangu dawa mseto ilipochaguliwa mwaka 2006 kuchukua nafasi ya SP.

Kwa hiyo kauli ya kumfundisha mgonjwa igeuzwe. Badala ya 'mwili huizoea dawa' isemwe 'dawa huwachagua bakteria'. Anayemeza kwa kuruka siku huwaondoa wale walio dhaifu na kuwaachia uwanja wale walioepuka. Kitenzi 'kuchagua' ni cha mkulima pia: kila msimu huchagua mbegu, na shamba la mwaka ujao hufuata alichochagua. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1926, ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009, na kwa miaka mingi tiba hiyo ilikuwa ndefu na yenye sindano za kuumiza. Sehemu ya wagonjwa wa namna hiyo huambukizwa na mtu mwingine bakteria aliyekwisha kuwa sugu. Kumlaumu mgonjwa kuwa 'sugu' huwa ni kumwonea.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la mgonjwa wa Kifanya, la kwa nini dawa hizi ziishe na hizi zisiishe, lina jibu linaloweza kutolewa kwa Kiswahili bila kuazima hata neno moja gumu. Bakteria wa kifua kikuu anaishi, anakula, anajenga na analala. Dawa humwua anapojenga na humvizia anapolala, na miezi 6 ni muda wa kumvizia. Kirusi hakiishi chenyewe. Kimejichomeka katika jeni za mgonjwa, nazo dawa hukifubaza kwa muda wote zinapomezwa. Usugu ni wa kijidudu, na huletwa na uchaguzi.

Katika maelezo hayo uzito wote umebebwa na vitenzi: kujenga, kulala, kuamka, kuwasha, kuchomeka, kufubaza, kuchagua. Vingi vyao havimo katika orodha zetu za istilahi, kwa sababu ni maneno ya kila siku na kwa hiyo huonekana hayahitaji kusanifiwa. Mtazamo huo unafaa kuangaliwa upya. Kauli za kitenzi cha Kiswahili hutofautisha kinachofanya, kinachofanywa na kinachofanyishwa: 'fubaa' na 'fubaza', 'lala' na 'laza', 'amka' na 'amsha'. Katika umetaboli tofauti hizo ndizo elimu yenyewe. Inapendekezwa kwamba kamusi za tiba zijazo ziingize vitenzi pamoja na nomino, zikieleza kila kimoja kinamfaa kijidudu gani na katika hali gani, na kwamba wanafunzi wa istilahi wafanye utafiti wa vitenzi vinavyotumiwa na wahudumu na wagonjwa katika zahanati na vituo vya afya, Kiswahili kinapokutana na Kibena na lugha nyingine za nyanda za juu. Neno 'kufubaza' lilipokelewa na watu wengi bila kulazimishwa. Yapo mengine yanayongoja kusikilizwa.